Roshani ya Baba na Kiti cha Nyuma

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemwondolea hata siku alizoamka na mafua: kufagia karakana ya baba yake. Baba alikuwa seremala, na karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo maranda yasipofagiwa yaliingia jikoni, yakaingia kitandani, na mara nyingine yalikutwa mpaka ndani ya uji. Chiriku alifagia huku akipiga soga. Aliongea na baba, akaongea na paka, na asipopata wa kuongea naye aliongea na ufagio. Ndiyo maana baba alimpa jina hilo la ndege wa kelele, na jina likamganda mpaka shuleni.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, maana shuleni Chiriku huyohuyo alikuwa kama bubu. Mwalimu akimsimamisha ajibu swali, mate yalimkauka na ulimi ukagoma. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na wenzake wengi hawakuwahi kumsikia akisema sentensi yenye mwanzo na mwisho.

Asubuhi hiyo ninayoisimulia hakupiga soga hata nyumbani. Alifagia kimya, akarudia kufagia palepale alipokwisha kufagia. Baba akaweka randa chini, akamwuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba haumwi. Baba akacheka, akasema paka atadhani tumehama, maana nyumba hii haijawahi kutulia namna hii tangu Chiriku ajifunze kusema.

Kilichomtia wasiwasi kilikuwa kiti. Shule yao kila mwaka ilionyesha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, na mchezo wa mwaka ule ulihusu mji ambao meya wake amepiga marufuku kuimba. Watu wanavumilia, wanavumilia, hadi wanachoka. Mwisho wanapanda kwenye roshani ya meya mwenyewe, wanaimba kwa pamoja huku wakipiga miguu, na meya anashindwa kuwazuia. Mwalimu wa muziki, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa na utaratibu wake wa kuwanoa waigizaji. Kila siku ya mazoezi alimteua mwanafunzi asiyekuwa kwenye mchezo, akamketisha peke yake kwenye kiti cha nyuma kabisa ya ukumbi. Kazi yake ilikuwa kutazama mwanzo hadi mwisho, kisha kwenda mbele na kuwaambia waigizaji alichoona.

Sheria za kiti hicho zilikuwa fupi. Aliyekaa pale hakuruhusiwa kusema kwamba kitu ni kizuri au kibaya. Alipaswa kusema "nimeona" au "nimesikia", na kutaja ni wapi. Waigizaji nao hawakuruhusiwa kujitetea. Walisikiliza tu, halafu wakajibu wote kwa pamoja, "Tumepokea." Mwalimu alisema mtu anayejitetea masikio yake huwa yamefungwa.

Lakini sheria ni kitu kimoja na watoto ni kitu kingine. Mvulana mmoja wa darasa la saba alipewa kiti hicho, akasimama mbele ya watu na kumwambia msichana aliyeigiza meya kwamba anaimba kama mlango uliokosa mafuta. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Msichana wa watu alilia, akakaa nyumbani siku kadhaa, na ilibidi mwalimu aende mwenyewe kumbembeleza arudi. Tangu hapo kila mtu alikiogopa kiti kile. Na kwa mazoezi ya mwisho, yale ya kuvaa mavazi kamili, yaliyokuwa mchana wa siku ile, mwalimu alikuwa amemteua Chiriku.

Kulikuwa na jambo jingine la kumnyima raha. Roshani ya meya ilikuwa imejengwa na baba yake. Alijitolea kuijenga, hakudai malipo, kwa sababu bintiye mdogo alikuwa kwenye kwaya na kwa sababu, tuseme ukweli, hakuwa na kazi nyingine. Tangu duka kubwa la samani lifunguliwe kule barabarani, watu walimletea baba viti vilivyovunjika miguu na basi. Mama ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba kwa mshahara wake wa usafi kwenye zahanati. Lakini Mwalimu Mkuu alipoiona roshani ile, akaizunguka, akaigonga kwa kidole, akamwambia baba kwamba shule inahitaji madawati mapya na kwamba wataongea baada ya maonyesho. Siku ile baba alirudi nyumbani akiimba, na mama akamwambia anyamaze, majirani watadhani amelewa.

Basi mchana ule Chiriku akakaa kwenye kiti cha nyuma. Pazia likafunguliwa. Mwanzoni aliogopa hata kutazama, lakini nyimbo zikamvuta, akajisahau. Akaona mambo. Meya alipotangaza marufuku yake aliwapa watazamaji mgongo, na kutoka kule nyuma yalisikika maneno nusu. Ngoma ilimeza ubeti wa pili wa wimbo wa sokoni. Watoto wadogo wa kwaya walipoingia polepole na wimbo wao wa kunong'ona, nywele zilimsimama shingoni. Alijirudia yote hayo moyoni asije akayasahau.

Ukafika wimbo wa mwisho. Kwaya yote ikapanda ngazi, ikajipanga juu ya roshani, ambayo kwa urefu ilimpita mtu mzima. Mdogo wake Chiriku alisimama mbele, mwisho kabisa upande wa kushoto. Huyu alirithi jina la mama mzaa baba, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Bibi, ingawa alikuwa na miaka minane na meno ya mbele yalikuwa hayajaota. Kwaya ikaanza kuimba na kupiga miguu, ti, ti, ti, wote kwa pamoja. Hapo ndipo Chiriku alipoona nguzo ya kushoto ikisogea.

Haikusogea sana. Kila kishindo kilipotua, nguzo ililala kidogo upande mmoja, na pale ilipofungwa kwa bolti kwenye boriti ya juu pakaachama upenyo mweusi. Kishindo kikipita, upenyo ulifunga. Kikija kingine, ulifunguka tena. Chiriku akafikicha macho. Waliokuwa juu hawakuweza kuuona. Mwalimu wa muziki alikuwa kwenye kinanda, ameipa roshani mgongo. Ni kule nyuma tu, mahali ambapo mtu huiona roshani nzima kwa mkupuo mmoja, ndiko kulikoonekana kwamba inayumba.

Wimbo ukaisha. Waigizaji wakaketi sakafuni, na Chiriku akatembea hadi mbele. Akafumbua kinywa, na kwa mshangao wake maneno yakatoka. Aliwaambia kuhusu mgongo wa meya, kuhusu ngoma, kuhusu watoto wadogo na mnong'ono wao. Meya aliinua macho na kumtazama kwa shukrani. Waigizaji wakajibu, "Tumepokea," na mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema hajapata kusikia mtu aliyekitendea haki kiti kile namna hiyo. Kisha akamwuliza, "Kuna lingine?"

Chiriku akageuka. Mlangoni mwa ukumbi alikuwa amesimama baba yake, nyundo imening'inia kiunoni, na Mwalimu Mkuu alikuwa amemwekea mkono begani. Wote wawili walikuwa wakimtazama. Baba alikuwa akitabasamu kwa fahari, uso wote umemkunjuka, kama ambavyo Chiriku hakuwa amemwona akitabasamu kwa miezi mingi.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Hakuna lingine."

Wakampigia makofi. Nami nakuambia, hakuna makofi mabaya kama yale ambayo wewe mwenyewe unajua hukuyastahili.

Jioni ile familia yote iliketi mezani kula. Bibi hakuweza kukaa kwenye kiti; alizunguka meza akiimba wimbo wa mwisho na kupiga miguu sakafuni, na kila kishindo kilimshtua dada yake hadi kijiko kikamponyoka. Mama akamwambia Bibi aketi kabla hajawaangushia nyumba. Chiriku akaona huo ndio upenyo wake. Kwa sauti aliyoifanya iwe ya kawaida, akamwuliza baba kama roshani ni imara.

Baba wala hakukasirika. Alilipenda swali lile. Akaeleza kwamba hata saruji ya kujengea ukuta wa shule ilipoletwa, aliomba magunia yake, akayapanga juu ya roshani mpaka yakazidi uzito wa kwaya yote na mwalimu wao juu, naye mwenyewe akapanda akasimama katikati. Yalilala pale usiku kucha. Asubuhi hakuna mbao iliyopinda hata unywele.

"Ile ukitaka kuing'oa, mwanangu," akasema, "utaing'oa na ukuta wake."

Chiriku akajikaza kuamini. Magunia yale yote, na baba juu yake! Labda ilikuwa taa. Labda ni yeye aliyekuwa akitikisika kwa woga, akadhani nguzo ndiyo inayotikisika. Nani asiyejua kwamba mtu mwenye hofu huona vitu ambavyo havipo? Alilala na maneno hayo, lakini hayakumpa usingizi wa maana.

Asubuhi wakaenda shule pamoja, yeye na Bibi, wamebeba mavazi ya kwaya ndani ya mfuko. Njiani Chiriku akauliza kana kwamba hajali, kule juu ya roshani huwa mnajisikiaje?

Bibi akacheka, pengo la meno likaonekana. "Raha. Tukipiga miguu pamoja inabembea. Wale wakubwa wa nyuma wanasema leo tupige kwa nguvu ibembee zaidi. Ila usimwambie Mwalimu, atatuteremsha."

Chiriku akasimama palepale njiani. Kumbe si taa, wala si woga wake. Watoto walijua, na kwao ulikuwa mchezo.

Alipofika shuleni alikwenda moja kwa moja ukumbini. Hapakuwa na mtu. Viti vilikwisha kupangwa kwa ajili ya wazazi, na kulikuwa kimya kiasi kwamba alizisikia pumzi zake mwenyewe. Akapanda jukwaani, akaishika nguzo ya kushoto, akaisukuma. Haikutikisika. Akaisukuma kwa bega. Wapi. Akataka kushusha pumzi, lakini macho yakamwelekea chini, na kwenye sakafu, kandokando ya nguzo, akaona unga. Ulikuwa unga wa mbao, mweupe, laini, umetandazika kidogo tu. Jukwaa lilikuwa limepigwa deki jana baada ya mazoezi ya mchana, alijua, kwa sababu walioshika zamu ya deki walilalamika darasa zima likasikia. Na baada ya deki kwaya ilirudia wimbo wa mwisho mara moja tu.

Mtoto wa seremala hahitaji kuelezwa. Maisha yake yote alifagia unga kama ule, na alijua unatoka wapi. Mbao ikitoa unga na hakuna msumeno karibu, basi kuna kitu ndani yake kinasagika. Bolti ilikuwa ikitafuna tundu lake, na tundu lilikuwa likipanuka kila watoto walipobembea.

Akatoka mbio kumtafuta mwalimu wa muziki. Alimkuta katika chumba cha walimu, pini zimejaa mdomoni, anambana meya vazi lake. Chiriku akasimama mlangoni. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole asubiri kidogo. Akasubiri. Na katika kusubiri huko Mwalimu Mkuu akapita, akamwona, akamshika kichwa kwa upole.

"Mwambie babako nimemwekea kiti mbele, karibu nami," akasema. "Tukimaliza tunaingia ofisini kwa habari ya madawati. Wajumbe wa kamati wote watakuwepo."

Ulimi wa Chiriku ukagoma, kama ulivyozoea kugoma. Aliwaza baba akirudi nyumbani bila kuimba. Aliwaza watu wakisema fundi gani huyu, mwanawe mwenyewe ndiye aliyemuumbua mbele ya kamati. Mwalimu alipotoa pini mdomoni na kumwuliza anataka nini, alisema amekuja kuuliza kama akae kiti kilekile leo. Mwalimu akajibu ndiyo, kilekile, akarudi kwenye pini zake. Chiriku aliondoka akijichukia.

Mchana ukumbi ukafurika. Kina mama walikuja na watoto mgongoni, kina baba walisimama ukutani walipokosa viti. Mama yake Chiriku aliomba ruhusa zahanati, akaja na sare yake ya kazi. Baba alikaa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, Mwalimu Mkuu upande wake wa kulia. Chiriku alikuwa kwenye kiti cha nyuma, na kati yake na baba kulikuwa na umati wote ule.

Mchezo ulienda vizuri kupita mazoezi yote. Meya aligeuza uso, na kila neno la marufuku yake likafika mpaka nyuma. Ngoma ilishuka kwenye ubeti wa pili. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, kikongwe mmoja akamjibu meya kwa sauti kwamba hata akimkataza kuimba ataimba jikoni kwake. Chiriku hakusikia raha yoyote. Kila wimbo ulioisha ulimsogeza kwenye ule wa mwisho. Alijiambia atasema wimbo huu ukiisha. Ulipoisha, alijiambia atasema ukiisha unaofuata.

Kabla ya wimbo wa mwisho pazia lilifungwa kwa muda mfupi ili kubadilisha mapambo. Nyuma ya pazia vikasikika vishindo vya watoto wanaopanda ngazi za mbao. Mmoja wao alikuwa Bibi, na alikuwa anaelekea mwisho wa kushoto, na leo walikuwa wamepanga kupiga kwa nguvu.

Chiriku alijikuta amesimama. Hata yeye hakujua amesimama lini. Akaingia katikati ya viti, akakanyaga miguu ya watu, akasukuma magoti, mtu mmoja akamwuliza huyu mtoto ana wazimu gani. Akaendelea kusonga. Alipofika mbele akainama sikioni mwa baba, na Mwalimu Mkuu akainamisha kichwa naye asikie.

"Baba, nimeona nguzo ya kushoto inahama wakipiga miguu. Nimeona tundu la bolti linafunguka. Chini yake kuna unga." Akaelekeza kidole kwenye pazia. "Bibi yuko juu yake."

Baba alimtazama kwa kitambo kifupi. Chiriku aliona lile tabasamu likiondoka usoni mwake, likaondoka lote, na hilo ndilo jambo aliloliogopa tangu jana. Halafu baba akanyanyuka. Hakumwuliza una hakika, hakusema subiri. Alipanda jukwaani kwa mruko mmoja na shati lake la pasi, akapenya nyuma ya pazia, na watu wote ukumbini wakasikia sauti yake ikiwaambia watoto wateremke mmojammoja, polepole, asiwepo wa kuruka.

Minong'ono ikazagaa. Mwalimu wa muziki akaacha kinanda, akaingia nyuma ya pazia, akatoka amebadilika rangi. Lakini alikuwa mtu wa kazi. Aliwatangazia wageni kwamba wimbo wa mwisho utaimbwa chini, kati yao. Watoto wakashuka jukwaani na kujipanga kwenye njia za katikati ya viti, wakaimba wakipiga miguu kwenye sakafu ya saruji, na wazazi nao wakainuka, wakapiga miguu yao. Waliosimulia baadaye walisema ulikuwa wimbo mzuri kuliko yote. Chiriku hakuweza kuimba. Alikuwa amemshika Bibi mkono, na Bibi alikuwa akilalamika kwamba anambana.

Wageni walipoondoka, baba aliwaomba waliobaki wasogee mbali: waigizaji, walimu, wajumbe wa kamati, mama. Mwalimu Mkuu alimwambia si lazima, lakini baba alitaka waone. Akasimama pembeni ya roshani tupu, akaweka mkono kwenye nguzo ya kushoto. Aliisukuma mara moja, haikutikisika. Kisha akaanza kuisukuma na kuiachia kwa mapigo ya ule wimbo, ti, ti, ti, na nguzo ikaanza kuitikia. Ikayumba, ikayumba zaidi, bolti ikachomoka na kudondoka chini. Baba akaruka nyuma. Boriti ikateremka upande mmoja, na mbao za mwisho wa kushoto zikaporomoka jukwaani kwa mshindo uliowafanya watoto wapige kelele.

Vumbi likatulia. Mbao zilikuwa zimerundikana pale pale ambapo Bibi angesimama. Mama akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Magunia ya saruji hayapigi miguu," baba akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Nilipima uzito, nikasahau mdundo. Ilitakiwa kuwe na mbao za kukingama kati ya nguzo, na sikuziweka. Kosa ni langu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikwenda kuketi sakafuni katikati ya waigizaji, magoti yamekunjwa kama mtoto wa shule, akamwambia bintiye asimame mbele na kueleza yote aliyoyaona kwenye kazi ya baba yake, kama anavyofanya aliyekaa kiti cha nyuma. Chiriku akasimama. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini ulimi haukugoma. Alieleza kwamba aliiona nguzo tangu jana kwenye mazoezi. Alieleza kwamba aliulizwa kama kuna lingine, akasema hakuna, kwa sababu aliogopa baba atakosa kazi. Alieleza kwamba asubuhi aliukuta unga na bado akanyamaza.

Mwalimu wa muziki alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia, na pia hakumpaka mafuta.

"Mimi nilikuwa kwenye kinanda, sikuona," akasema. "Hawa walikuwa juu, waliona ni mchezo. Jana, katika ukumbi huu wote, macho yaliyoona yalikuwa yako peke yako. Tulikuwekea kiti kule ili utuonee. Ulituambia yale mepesi, ukatuficha lile zito, na lile zito ndilo tulilolihitaji. Leo umesema, na umesema vizuri, bila kumtukana mtu. Umetaja ulichoona na mahali ulipokiona. Lakini ulichelewa, na safari nyingine kuchelewa kunaweza kutuulia mtoto. Umenielewa?"

Chiriku akaitika kwamba ameelewa. Mwalimu akawageukia wale wakubwa wa mstari wa nyuma, wale wa kubembea, nao wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Hao mazungumzo yao yalifanyika ofisini, na sikuyasikia.

Mwalimu Mkuu alikohoa. Akasema mambo ya madawati, Fundi, itabidi tuyaongee vizuri. Baba akamjibu kwamba wasiongee bado. Ataleta dawati moja, liwekwe kwenye darasa lenye watoto watundu kuliko wote, walitese wanavyojua wao, walikalie, walirukie, walibembee. Likibaki zima, ndipo waongee. Wajumbe wakatazamana. Mmoja wao akacheka kidogo, akasema darasa hilo analijua, na mwanawe yumo. Wakakubaliana hivyo.

Wakarudi nyumbani wanne, jua linashuka. Bibi alitangulia mbele na mama, akimsimulia jinsi mbao zilivyoporomoka kana kwamba mama hakuwepo. Chiriku alitembea nyuma na baba. Mwishowe akajikaza, akamwuliza baba kama amemtia aibu.

Baba akapunguza mwendo.

"Umenitia," akasema. "Sikufichi. Kamati nzima imeiona kazi yangu ikianguka, na kesho mji mzima utajua. Itaniuma, na nitaizoea." Akawatazama wawili waliokuwa mbele. "Lakini sasa hivi naenda kuketi mezani na wanangu wawili. Jana uliponinyamazia ili kuniheshimu, ulikuwa unanipokonya mmoja."

Chiriku akamshika baba mkono, na hakuuachia mpaka walipofika mlangoni.